Maji Hayaachwi Peke Yake

Siku Shoka alipomvunja mkewe mtulinga, kwenye ukumbi wa kusubiri wa hospitali palikuwa na tangi la kioo lenye maji ya chumvi, mawe na samaki. Mambo yote yalianzia pale, basi na sisi tuanzie pale.

Shoka ni jina la mtaani. Alikuwa na bucha karibu na stendi, na watu walisema akipiga paja la ng'ombe mara moja, pigo la pili halihitajiki. Nyumbani alikuwa Baba Kidosho, kwa sababu walikuwa na binti mmoja waliyemwita Kidosho. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, mwanamke mwembamba mwenye subira ya uzi. Alipigwa miaka kumi na miwili. Sitaihesabu yote, maana pigo halina hadithi. Pigo ni pigo. Siku hiyo ya hospitali alipigwa kwa sababu ya chai iliyopoa.

"Aliteleza bafuni," Shoka alimwambia nesi.

Nesi akamtazama usoni, akaitazama mikono yake, akaandika alichoandika.

Mama Kidosho akaingizwa ndani kufungwa bega na kushonwa mdomo. Shoka akabaki kwenye benchi mbele ya lile tangi. Mke alipotoka baada ya saa tatu, mkono umefungwa kifuani, alimkuta mumewe hajasogea. Hakumwambia pole. Alinyoosha kidole kwenye kioo, macho yamemlowa.

"Umemwona yule wa rangi ya chungwa? Ana nyumba yake. Mawimbi yanamvuta huku, yanamvuta kule, naye hatoki."

Mwezi uliofuata tangi liliingia nyumbani kwao. Lilikuwa na urefu wa kitanda na kimo cha kiuno, likakaa kwenye ukuta wa sebuleni palipokuwa na cherehani, na cherehani ikasogezwa dirishani. Tangu hapo, kwa miaka mitano na miezi minne, Shoka hakumgusa mkewe. Alirudi kutoka bucha, akanawa mpaka kwenye viwiko, akavuta kigoda, akakaa mbele ya kioo.

"Nikiyatazama haya maji damu inashuka," alisema.

Mama Kidosho naye akafahamu, kama anayepewa ufunguo wa nyumba isiyo yake, kwamba maji yale yakiwa hai, mifupa yake itakuwa mizima.

Basi akayatunza. Shoka alikuwa kazini tangu alfajiri, kwa hiyo nani mwingine? Alijifunza kwamba maji hupungua kwa joto la taa, lakini chumvi haipungui; kwa hiyo kila asubuhi unaongeza maji matupu yasiyo na chumvi, ukikosea ukaongeza ya chumvi umewachoma. Kila Jumapili alitoa ndoo tatu na kuingiza ndoo tatu, zilizokorogwa tangu jana yake na kupimwa. Alisugua kioo. Alichuja uchafu. Umeme ukikatika, pampu hunyamaza na samaki huanza kutweta juu ya maji; hapo alichukua kikombe, akachota na kumimina kutoka juu, akachota na kumimina, ili maji yapate pumzi. Mara moja alimimina saa nne mfululizo, kwa mkono ule uliowahi kufungwa.

Na lile lililomuuma kuliko mtulinga ni la mama yake mzazi. Mama aliugua wiki tatu, mwendo wa nusu siku kutoka pale. Mama Kidosho aliomba ruhusa.

"Nenda," Shoka alisema kwa upole. "Ila maji utamwachia nani? Maji hayaachwi peke yake."

Upole ule ulimtisha kuliko kelele. Hakwenda. Alikwenda siku ya kuzika, akakuta udongo umeshasawazishwa, akashika ule udongo kwa mikono miwili, akapanda basi la jioni kurudi. Mume alikuwa mlangoni ameshika kipimajoto.

Lakini nisimseme vibaya mwanamke huyu wala nisiyaseme vibaya yale maji. Aliyapenda. Mchana taa zikiwaka sawasawa, matumbawe yalifunguka, mengine kama vidole vya mtoto mchanga, mengine kama vitambaa vya zambarau vinavyoanikwa pasipo na upepo. Konokono walipanda kioo taratibu kama wazee waendao kuchukua pensheni. Na wale wawili wa rangi ya chungwa walikaa ndani ya mnyama mmoja aliyefanana na ua, mwenye mikono laini inayouma kila mtu isipokuwa wao. Jike ndiye alikuwa mkubwa, dume kadogo, tena kanamfuata nyuma kama mkoba. Kidosho akawaita Mheshimiwa na Mume Wake.

"Humo ndani mke ndiye mwenye sauti," Kidosho alimnong'oneza mama yake.

"Nyamaza, baba yako atasikia akawauza."

Wakacheka wote wawili, wakiziba midomo. Mara nyingi Mama Kidosho alishtuka mguu umesimama kwenye kanyagio la cherehani, sketi imening'inia nusu, naye anatazama tu. Ndivyo ilivyokuwa. Gerezani kwake kulikuwa na dirisha zuri.

Sasa, mwaka ule wa sita, Shoka alinunua jiwe jipya. Lilikuwa na ukubwa wa kichwa cha mbuzi, limejaa matundu na mimea, likaletwa na Fundi Maji, mzee mmoja mnene aliyewahi kuwa fundi bomba kabla ya kuanza kuuza samaki wa mapambo. Shoka aliliweka mwenyewe kwenye kona ya nyuma. Wiki moja haikupita.

"Tak!"

Mama Kidosho alidhani sindano imevunjika. Akainua mguu wa cherehani, sindano nzima.

"Tak!"

Sauti ilitoka kwenye tangi.

Kesho yake alikuta konokono watatu wamelala kwenye mchanga, magamba yametobolewa kama mtu amepiga kwa nyundo na msumari. Siku ya pili kaa mdogo alikuwa kipande huku na miguu kule. Siku ya nne yule kamba mwekundu mwenye mistari, anayesafisha samaki meno, alikuwa ameachwa kichwa tu, na masharubu yake yakicheza na maji kana kwamba bado anaishi. Kitu fulani humo ndani kilikuwa kinaua, tena hakiui kwa njaa peke yake. Kilivunja kikapita.

"Umewapa nini?" Shoka aliuliza jioni ya kwanza.

"Chakula kilekile, Baba Kidosho."

Jioni ya pili hakuuliza. Alitupa kikombe ukutani. Jioni ya nne alikipiga teke kigoda cha kushonea, mguu mmoja ukang'oka. Mama Kidosho aliokota mguu ule, akaurudisha kwa msumari, na kila pigo la nyundo aliliona linahesabu: kikombe, kigoda, halafu nini?

Mama mkwe alikaa nao, chumba cha uani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache mwenye vidole viwili visivyokunjika katika mkono wa kushoto, alivyosema vilibanwa na mlango zamani. Alikuja akasimama karibu na cherehani.

"Mwanangu amebadilika macho," alisema.

"Nimeona, mama."

"Vumilia. Wanaume ni mvua, hunyesha ikakatika."

"Na mimi ni bati, mama?"

Mama mkwe alivisugua vile vidole viwili, akaenda zake uani.

Siku ya saba Mheshimiwa aliuawa. Alikutwa amepasuka ubavuni, na Mume Wake akizunguka ile maiti, akiisukuma kwa pua irudi nyumbani. Shoka alikuja akaona. Alisimama muda mrefu, mikono imening'inia. Kidosho, aliyekuwa na miaka kumi na sita na moyo mzuri, alidhani anamfariji.

"Baba, ni samaki tu. Tutapata mwingine."

Kofi lilimzungusha. Lilimtoa hereni, na sikio likaanza kuvuja damu taratibu shingoni hadi kwenye kola nyeupe ya sare. Pampu ndiyo iliyosikika peke yake. Shoka aliutazama mkono wake kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani, akatoka nje.

Mama Kidosho alimfuta binti yake damu. Vidole vyake vilikuwa vimetulia kabisa. Miaka yote kumi na miwili mkono ule haukuwahi kumfikia mtoto. Alikuwa akijiweka katikati, kama mtu anayeziba tundu la mtumbwi kwa mwili wake. Leo umepita pembeni.

Akaazimia kumtafuta muuaji kabla mume hajapata sababu nyingine. Kikulacho ki nguoni mwako. Basi yeye si ndiye mshona nguo? Kesho yake saa sita mchana alifunga mapazia, akatandaza jora zima la kitambaa cha bluu cha sare juu ya tangi mpaka chini, akaingiza kichwa ndani. Kukawa giza. Akawasha tochi aliyoizungushia kitambaa chekundu, akangoja. Alingoja mpaka jasho likamwingia machoni. Ndipo kutoka kwenye tundu la jiwe jipya yakachungulia macho mawili, yamesimama juu ya vijiti, kila moja likiangalia upande wake. Likafuata jitu lenye vidoa, refu kama kidole cha kati, limekunja mikono miwili kifuani kama bondia anayengoja kengele. Konokono akapita. Mkono ukatoka, hakuuona ukitoka. "Tak!" Konokono alikuwa vipande.

Alitoa kichwa nje ya kitambaa, akampigia simu Fundi Maji.

"Shikamoo mzee. Lile jiwe lako limekuja na mpangaji."

"Marahaba, Mama Kidosho. Mpangaji gani?"

Akamweleza. Mzee akapiga mluzi.

"Huyo ni kamba ngumi! Mama, usitie kidole humo. Mimi alinipasua dole gumba hadi mfupa, nikamwita mama yangu na mama yangu keshakufa. Akikasirika anaweza hata kutia ufa kwenye kioo."

"Kwa nini anaua hata asichokula?"

"Umemtoa kwake, umemtia kwenye sanduku na wageni. Ungekuwa wewe? Sikiliza. Kata chupa ya plastiki shingo, igeuze uitumbukize ndani kama mgono wa kuvulia samaki, weka kipande cha nyama ya kamba. Ukimpata, mweke kwenye ndoo, nitakuja Jumapili kumchukua. Huyo ana wateja wake."

Alitega Jumatano. Alhamisi mchana chupa ilianza kugonga: tak, tak, tak. Aliitoa kwa koleo la jikoni, mkono umevikwa taulo tatu, akammimina kwenye ndoo yenye maji mapya ya chumvi, kipande cha bomba la kujificha na kipampu kidogo cha hewa. Kiumbe kikaingia ndani ya bomba, kikageuka, kikamtazama kwa jicho moja, na kwa jingine kikatazama mlango.

Shoka aliporudi aliinama juu ya ndoo.

"Kidude hiki?" akasema, akacheka. Kicheko chake hakijasikika siku kumi. "Kidude hiki ndicho kilinitoa jasho? Na mimi nilikuwa nimemtegea mtego wangu tangu juzi, kumbe umenitangulia, mke wangu."

Akamwekea mkono begani, juu ya ule mfupa uliounga vibaya. Mkono ulikuwa mzito na wa moto. Mama Kidosho alisimama chini yake bila kupumua, na kwa furaha ya kuwa hai hakuuliza ni mtego gani, wala umetegwa wapi. Shoka akanawa akala. Alimwita Kidosho, akampa pesa ya hereni mpya, akasahau mambo mengine yote.

Ijumaa matumbawe hayakufunguka. Mama Kidosho alijiambia yamechoka. Mchana wale konokono waliosalia walianza kuanguka kutoka kwenye kioo, mmoja mmoja, tik, tik, wakalala chali na miguu nje. Jumamosi asubuhi kiti cha pweza, nyota mmoja wa bahari wa bluu, kilikuwa kinayeyuka kama sabuni. Mnyama aliyefanana na ua alijigeuza ndani nje, akatapika utumbo wake, na Mume Wake akawa anahangaika juu yake hajui alale wapi. Matumbawe yalitoa ute wa kahawia, ukaning'inia kwenye maji kama kamasi. Harufu ilianza kujaa sebuleni, ya kuoza na chumvi.

Alipima kila alichojua kupima. Chumvi sawa. Joto sawa. Kwenye ndoo, yule kamba ngumi alikuwa mzima wa afya, anagonga bomba lake.

"Wale wasio na mifupa wanakufa, na samaki bado?" Fundi Maji aliuliza kwenye simu. Safari hii hakutania. "Mama Kidosho, kuna shaba humo. Tazama. Sarafu, waya, chochote cha shaba. Kidogo tu kinaua tangi zima."

"Sisi tuna shaba wapi, mzee?"

Aliuliza, na papo hapo akajibiwa na kumbukumbu. Alikunja mkono wa gauni, akaingiza mkono nyuma ya mawe mpaka kwapani. Akapapasa. Akakitoa: kipande cha mafuta ya ng'ombe kilichooza, kimefungwa kwa waya wa shaba ulioanza kuwa kijani. Mizunguko mitatu, mkia wa waya umekunjwa ndani. Bucha nzima hapakuwa na mwingine aliyefunga hivyo. Shoka alitundika nyama yake kwa shaba miaka yote kwa sababu shaba haishiki kutu wala haichafui nyama, na alijivunia fundo lile kama mkewe alivyojivunia pindo. Alikuwa ametega kama mchinjaji, akasahau.

Ilikuwa saa nane. Jumamosi bucha ilifungwa saa kumi.

Mama Kidosho alikaa kwenye kigoda chenye mguu wa msumari, waya umemlalia kiganjani. Akiuficha, ataulizwa ameweka nini kwenye maji, na atapigwa. Akiuonyesha, atapigwa kwa kuuonyesha. Njia zote mbili zilifika kwenye mkono uleule. Alifikiri polepole, kama anayefumua mshono wa mtu mwingine, na alipofika mwisho wa uzi hakukuta kitu. Hakukuwa na maji tena. Kile alichokilinda miaka mitano kilikuwa ute. Basi yeye alikuwa anabaki kulinda nini?

"Kidosho," aliita. "Funga nguo zako. Na madaftari."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa bibi yako, mama yangu."

"Bibi si amekufa?"

"Nyumba yake haijafa."

Alifungua parafujo za cherehani, akakinyanyua kichwa chake kutoka kwenye meza, akakifunga kwa shuka. Palikuwa na sare kumi na moja za watu, na wenyewe wangezifuata jioni; hakutaka kuondoka na kazi ya mtu haijanyooshwa. Ndivyo alivyokuwa. Alichomeka pasi, akaanza kunyoosha. Alikuwa amemaliza ya tisa mlango ulipofunguka. Shoka alikuwa amefunga mapema.

Alisimama. Akavuta harufu. Akalitazama tangi, akaufuata ule ute wa kahawia kwa macho kutoka juu mpaka chini.

"Umetia nini kwenye maji yangu?"

"Sikutia mimi." Akaweka waya juu ya meza ya kunyooshea. "Fundo hili la nani, Baba Kidosho?"

Alilitambua. Mama Kidosho aliona anavyolitambua, aliona aibu ikimpanda usoni, na akajua kwamba aibu ndiyo mbaya kuliko hasira. Ngumi ya kwanza ilimpata shavuni. Ya pili ilimpata kifuani, akaanguka kwenye meza tupu ya cherehani, kona ikamchana paji la uso. Damu ikamwingia jichoni. Shoka alimpiga teke ubavuni, akaliinua tena guu.

"Baba!" Kidosho akapiga kelele kutoka mlango wa chumbani.

Shoka aligeuka, akaiona ndoo.

"Na huyu mwanaharamu ndiye chanzo!" alinguruma. "Nitamponda kwa mkono wangu."

"Usiingize mkono," mkewe alisema kutoka sakafuni. Alisema kwa mazoea ya kumtunza.

Akauingiza. Akalivuta bomba, akaingiza dole gumba tunduni kumsukuma nje. Tak! Wote walilisikia, na lilikuwa na sauti nyingine, sauti ya kitu kibichi. Shoka alitoa yowe. Dole gumba la kulia, la kushikia kisu, lilikuwa limepasuka kucha na nyama, mfupa unaonekana mweupe, na damu inatiririka ndani ya ndoo. Mtu mzima, futi sita, alipiga magoti mbele ya kidude cha urefu wa kidole.

Kidosho alicheka. Haikuwa furaha, ilikuwa ni woga umekosa njia ukatokea mdomoni. Lakini alicheka.

Shoka akamrukia. Alizikamata nywele zake kwa mkono wa kushoto, akamburuta mpaka kwenye tangi, akamkandamiza uso kwenye kioo mara moja, mara mbili, akamwinua ili amzamishe kichwa kwenye yale maji yaliyooza. "Cheka! Cheka humu ndani!"

Mama Kidosho hakukumbuka kuinuka. Alikumbuka kwamba pasi ilikuwa mkononi mwake, na waya wake ulikuwa mrefu wa kutosha. Aliiweka juu ya mkono wa mumewe, chini ya kiwiko, bapa, kama anavyoiweka kwenye kola, akaikandamiza. Hakuitoa haraka. Ilitoa sauti kama tone kwenye kikaango, na harufu ya nywele zilizoungua. Shoka alizifungua nywele za mtoto, akaenda kinyumenyume, akagonga ukuta, akateleza mpaka chini, mkono mmoja umepasuka na mwingine umechubuka ngozi kwa umbo la pasi.

"Utaniua?" aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Ukiinuka," mkewe alisema.

Hakuinuka.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlango wa uani. Hakuna aliyejua amesimama tangu lini. Alitembea taratibu, akapita kati yao, akakaa sakafuni mbele ya mwanawe, mgongo wake kwa mkwewe.

"Mama, umemwona alichonifanya?" Shoka akalia.

"Nimeona tangu mwanzo," bibi alisema. "Kaa chini. Mwanamke anapita."

Mama Kidosho alichomoa pasi. Halafu, akiwa pale pale ukutani, akazima swichi ya tangi. Pampu ikanyamaza, na kwa mara ya kwanza hakukimbilia kikombe. Akamchota Mume Wake kwa wavu, ndiye pekee aliyekuwa bado anaogelea, akamtia kwenye chupa kubwa ya maji mapya ya chumvi yaliyokuwa yamekorogwa kwa ajili ya Jumapili. Akabadilisha maji ya ndoo ya kamba ngumi kwa hayohayo mapya ili kuondoa damu. Kidosho akabeba chupa na begi. Yeye akajitwika cherehani, akashika ndoo. Sare kumi na moja ziliachwa kwa jirani, mbili hazijanyooshwa, na jambo hilo lilimkera njia nzima.

"Mama, na hilo linalopasua watu tunakwenda nalo?" Kidosho aliuliza, uso umevimba, mdomo unapigana na tabasamu.

"Maji hayaachwi peke yake," mama akasema. "Haya angalau yanabebeka."

Nyumba ya marehemu ilikuwa na chumba kimoja kizima na dirisha lisilofunguka. Walilifungua kwa patasi. Fundi Maji alisafiri nusu siku kuja kumchukua Mume Wake na kumtafutia wenzake, na akaacha boksi la plastiki nene kwa ajili ya yule mwingine, maana Mama Kidosho alikataa kumtoa.

"Mama, huyo hafai pambo. Anakaa tunduni mchana kutwa."

"Mwache akae. Mimi nani nimtoe?"

Miezi miwili baadaye lori dogo lilisimama mlangoni. Aliyeshuka ni mama mkwe, akiwa ameleta meza ya cherehani na kanyagio lake. Alisema Shoka amekatwa ncha ya dole gumba na kisu hakimkai tena sawasawa mkononi. Anakaa mbele ya kioo kikavu, hajalitupa tangi wala hajalijaza. Mama Kidosho alisikiliza akifunga parafujo.

Bibi alikaa kwenye mkeka. Akaunyoosha ule mkono wa kushoto, akaviweka vile vidole viwili juu ya goti.

"Nilikuambia nilibanwa na mlango."

"Ndiyo, mama."

"Mlango ule ulikuwa na ndevu. Alikuwa baba wa mumeo." Akavisugua. "Nikakuambia uvumilie. Nilitaka na wewe upite nilikopita mimi, nisiwe mjinga peke yangu."

Mama Kidosho alitunga uzi kwenye sindano. Ilimchukua mara tatu, jicho lile la kushoto lilikuwa halijarudi sawa.

"Utalala hapa leo, mama," alisema mwisho. "Basi la jioni limeshapita."

"Tak!"

Bibi aliruka nusu ya mkeka. "Mungu wangu! Nini hicho?"

"Usiogope," Mama Kidosho alisema, akainuka na kikombe cha maji matupu kuongeza yaliyopungua. "Ni mwenye nyumba. Anauliza nani amekuja."